Karo ya mahindi, kengele ya alfajiri: Masomo na maisha katika shule za upili za Kitale na Bungoma

Barabara kuu itokayo Kitale hupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu kabla ya kufika Webuye. Kila shule zinapofunguliwa mwezi Januari, matatu zinazoifuata hubeba mzigo ambao hauonekani miezi mingine: masanduku ya bati yaliyofungwa kwa kufuli mpya, magodoro yaliyokunjwa na kukazwa kwa kamba ya mkonge, ndoo za plastiki na jembe moja au mawili yaliyoorodheshwa katika barua ya mwaliko. Asiye mwenyeji hudhani kuna kijiji kinachohama. Mwenyeji anajua kwamba watoto wanarudi bwenini.

Kaunti za Trans Nzoia, ambayo makao yake makuu ni Kitale, na Bungoma hupakana chini ya Mlima Elgon. Kabla ya mfumo wa kaunti kuanza mwaka 2013, ya kwanza ilikuwa katika Mkoa wa Bonde la Ufa na ya pili katika Mkoa wa Magharibi. Mpaka huo wa makaratasi uliwatenganisha wanafunzi zaidi ya ulivyowatenganisha wakulima, kwa maana shule za mkoa zilichukua hasa watoto wa mkoa wake. Mzazi wa Kiminini aliweza kuuza ng'ombe katika soko la upande wa Bungoma leo, lakini kesho mwanawe akaitwa shule ya mbali katika Bonde la Ufa ilhali palikuwa na shule nzuri karibu zaidi ng'ambo ya mpaka.

Chimbuko

Atakaye kuelewa kwa nini shule kongwe za bweni za Waafrika ziko zaidi upande wa Bungoma hana budi kurejea enzi za ukoloni. Kitale ulikuwa mji wa walowezi. Reli iliufikia mwaka 1926, na mashamba yaliyouzunguka yalitengewa Wazungu pekee. Shule zilitengwa kwa rangi, na Shule ya Kitale ilijengwa kwa ajili ya watoto wa walowezi hao. Mtoto wa kibarua aliyeishi shambani alibahatika akipata madarasa machache ya mwanzo chini ya paa la nyasi, kisha akashika jembe kama babake.

Bungoma ilikuwa ardhi ya wenyeji, na huko wamishonari walipata nafasi. Waquaker waliofungua kituo Kaimosi mwaka 1902 walisonga kaskazini hadi Lugulu, nao Wakatoliki wa shirika la Mill Hill wakajikita Kibabii. Vituo hivyo vilizaa shule ambazo majina yake bado yanatajwa kwa heshima: Friends School Kamusinga karibu na Kimilili, iliyoanzishwa katika miaka ya 1950, Lugulu ya wasichana na Kibabii ya wavulana. Mjini Bungoma kuna shule ya wasichana yenye jina la Kadinali Maurice Otunga, mzaliwa wa eneo hilo ambaye mwaka 1973 alikuwa Mkenya wa kwanza kupewa ukadinali.

Baada ya uhuru mwaka 1963, mashamba ya walowezi yaligawanywa na kuuzwa kupitia miradi ya makazi na vyama vya ushirika. Watu walimiminika Trans Nzoia kutoka Bungoma, Kakamega, Kisii, Mkoa wa Kati na kwingineko, wakajiunga na Wasabaot, Wanandi na Waturkana waliokuwapo. Shule zilifuata watu. Nyingi zilianza kwa harambee: wazazi walitoa ardhi, wakachoma matofali, wakamlipa mwalimu wa kwanza kwa michango, kisha wakaiomba serikali ichukue mzigo. Kanisa Katoliki nalo lilikuza shule kama St. Joseph's na St. Anthony's za wavulana mjini Kitale, na St. Brigid's ya wasichana huko Kiminini.

Mchanganyiko huo wa makabila uliifanya lugha ya Kiswahili kuwa ya lazima Kitale zaidi ya miji mingi ya bara. Bungoma, ambako Kibukusu kimetamalaki, mwanafunzi angeweza kumaliza wiki nzima akizungumza lugha ya mama nje ya darasa, labda akanaswa na kile kibao kilichovishwa shingoni mtoto aliyesikika akinena "lugha isiyoruhusiwa". Adhabu hiyo haikumfundisha yeyote Kiingereza. Iliwafunza tu watoto kuchongeana.

Kitale pia ndiyo mahali ambapo mhusika mkuu wa riwaya ya Siku Njema, iliyochapishwa mwaka 1996, anafikia katika safari ya kumtafuta babake kutoka Tanga. Mwandishi wake, Ken Walibora, alizaliwa Bungoma mwaka 1965 na kukulia Trans Nzoia. Riwaya hiyo ilitahiniwa katika shule za upili, na baadaye Kidagaa Kimemwozea yake pia ikateuliwa. Walibora alifariki Nairobi mwezi Aprili 2020. Kwa wanafunzi wa Kitale, kuusoma mji wao ndani ya kitabu cha mtihani kulikuwa jambo geni na la kupendeza, kwani vitabu vingi walivyokabidhiwa vilisimulia miji ambayo hawajawahi kuiona.

Siku moja shuleni

Kitale uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya mwezi Julai ni baridi ya kuuma mifupa. Hata hivyo kengele ya shule ya bweni hulia kabla ya jogoo wa pili. Wanafunzi huoga maji baridi, au hujipangusa tu uso na kujidai wameoga, kisha huingia madarasani kwa masomo ya alfajiri. Uji au chai ya maziwa machache hufuata, halafu usafi wa mabweni, gwaride la asubuhi na vipindi vya dakika 40 kuanzia saa mbili.

Chakula cha mchana aghalabu ni githeri: mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja kwenye sufuria kubwa. Jioni ni ugali na sukumawiki, na nyama mara moja kwa wiki pale ambapo hazina inaruhusu. Saa kumi jioni kuna michezo au kazi ya mikono, kisha masomo ya usiku hadi saa tatu au nne. Katika shule zenye kiu ya alama, wanafunzi wa kidato cha nne hukesha zaidi ya hapo, na baadhi yao huonekana asubuhi wakisinzia huku wamesimama.

Utawala wa kila siku umo mikononi mwa viranja. Mwalimu wa zamu huzunguka, lakini kiranja ndiye anayejua nani hakuamka na nani ameficha simu ndani ya godoro. Zamani viranja waliteuliwa na walimu pekee; siku hizi shule nyingi huendesha uchaguzi wa baraza la wanafunzi, pamoja na kampeni na hata ahadi zisizotekelezeka, kama zile za wakubwa wao. Mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza aliitwa "mono", na katika muhula wa kwanza aliweza kunyang'anywa sukari, kutumwa maji au kulazimishwa kuimbia bweni zima. Wizara ya Elimu imepiga marufuku uonevu huo mara nyingi, na unapungua pale tu ambapo mwalimu anaishi karibu na mabweni.

Shule ya kutwa ina maisha mengine kabisa. Huko mwanafunzi hutembea kilomita kadhaa, hupitia shambani kabla ya kuondoka na baada ya kurudi, na hufanya kazi ya ziada kwa taa ya sola au koroboi. Shule hizi hupewa nafasi ndogo katika magazeti, ingawa ndizo zilizofungua mlango kwa watoto ambao nafasi za bweni hazingewafikia. Ajabu ni kwamba Mmarekani akisikia neno shule ya upili hufikiria ya namna hiyo hasa: ya umma, ya mtaani, ambayo mtoto huiendea asubuhi kwa basi la manjano na kurejea nyumbani jioni. Kule bweni ni la wachache wenye pesa. Hapa bweni limekuwa kipimo cha ubora, urithi wa moja kwa moja wa Waingereza na wamishonari wao.

Masomo na mtihani

Kwa takriban miongo minne masomo yaliongozwa na mfumo wa 8-4-4 ulioanzishwa mwaka 1985: miaka minane ya msingi, minne ya upili na minne ya chuo kikuu. Mfumo huo uliondoa kidato cha tano na cha sita, na kuwafanya wanafunzi wote wakutane na mtihani mmoja wa mwisho, KCSE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Kiingereza, Kiswahili na hisabati ni za lazima. Mtahiniwa hufanya angalau masomo saba, na gredi huanzia A yenye alama 12 hadi E yenye alama moja. Wastani wa C+ ndio tiketi ya chuo kikuu.

Kuanzia matokeo ya mwaka 2023 ukokotoaji ulibadilishwa. Badala ya kuhesabu lugha zote mbili na masomo ya makundi maalumu, hisabati na lugha moja ndizo zinazohesabiwa kwa lazima, kisha masomo matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Mabadiliko hayo yalimsaidia mwanafunzi hodari wa historia au kilimo ambaye fizikia au kemia ilimvuta chini.

Hakuna shule kati ya zile 18 za kitaifa za zamani iliyokuwa Bungoma au Trans Nzoia. Mtoto aliyeongoza katika mtihani wa darasa la nane alikwenda Alliance, Mang'u, Maseno au Starehe, na eneo likabaki likijivunia jina lake kutoka mbali. Serikali ilipoanza kupandisha shule nyingine hadhi mwaka 2011, Kamusinga na Lugulu ziliingia katika orodha kutoka Bungoma, na St. Joseph's Kitale na St. Brigid's Kiminini kutoka Trans Nzoia. Kupandishwa hadhi kulileta fedha za mabweni na maabara, na pia wanafunzi kutoka Mandera, Kwale na Turkana. Wapo wazazi wa karibu walionung'unika kwamba shule waliyoijenga kwa matofali yao sasa inawanyima watoto wao nafasi. Hoja hiyo haikuwa na majibu mepesi, maana ni hao hao waliodai shule yao iitwe ya kitaifa.

Mbio za alama zilikuwa na upande wa giza. Wizi wa mitihani ulienea nchini hata matokeo ya mwaka 2015 yakatiliwa shaka, na mwezi Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani la Kenya ikavunjwa. Waziri wa Elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliamuru karatasi zihifadhiwe katika makasha yenye kufuli mbili na kuchukuliwa asubuhi ya mtihani. Akazuia wazazi kutembelea shule muhula wa tatu na kuhamisha siku za maombi ya watahiniwa. Gredi za A zilishuka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka 2015 hadi 141 mwaka 2016. Takwimu hizo mbili zikiwekwa bega kwa bega, msomaji hahitaji maelezo marefu kujua kilichokuwa kikiendelea hapo awali.

Siku ya maombi yenyewe haikufa. Ilisogezwa tu mbele. Fahali huchinjwa, askofu au mchungaji hualikwa, wazazi huketi chini ya mahema, na watahiniwa huinua kalamu zao juu zibarikiwe.

Karo inatoka shambani

Hapa ndipo maisha ya shule za Kitale na Bungoma yanapotofautiana na ya Nairobi. Karo ya eneo hili huota. Mahindi hupandwa kuanzia Machi na kuvunwa kati ya Oktoba na Desemba, na Kitale ni makao ya Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1956 na ambayo mbegu zake za mahindi chotara zilibadilisha kilimo cha nchi nzima. Kalenda ya shule na kalenda ya shamba zinaonekana kupatana: mavuno Desemba, karo Januari. Kwa kweli zinagongana. Kila mkulima anapolazimika kuuza katika wiki zile zile, bei huanguka, na madalali wanaozunguka vijijini kwa malori wanajua vyema kwamba mzazi mwenye barua ya shule mkononi hana uwezo wa kusubiri. Gunia la kilo 90 ambalo lingeleta faida mwezi Mei huondoka Januari kwa bei ya kutupa.

Kuna njia mbadala, ambayo ni kuliuzia Halmashauri ya Nafaka na Mazao. Hata hivyo wakulima wamelalamika miaka nenda miaka rudi kuhusu foleni za malori, vipimo vya unyevu na malipo yanayochelewa. Hundi ikija Aprili, mtoto amekwisha kutumwa nyumbani mara mbili.

Upande wa Bungoma, zao la karo lilikuwa miwa. Kiwanda cha Sukari cha Nzoia kilifunguliwa mwaka 1978, na kwa miaka mingi barua ya kiwanda kwamba mkulima anadai kiasi fulani ilimtosha mwalimu mkuu kumwacha mtoto darasani. Miwa huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi kukomaa, na kiwanda kilipozama katika madeni barua hiyo ikapoteza thamani. Mwaka 2025 serikali ilikikodisha kwa kampuni ya kibinafsi. Webuye nako, kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilifungwa mwaka 2009, na mamia ya familia zilizotegemea mshahara wa mwisho wa mwezi zikajikuta katika foleni moja na wakulima.

Shule zilijifunza kuishi na hali hii. Katika nyingi, mzazi huruhusiwa kulipa sehemu ya karo kwa mahindi, maharagwe au kuni. Mhasibu hupima magunia kwenye mizani, huandika stakabadhi, na githeri ya muhula hupatikana papo hapo. Ni mpango wa busara kuliko sera nyingi zilizobuniwa ofisini, ingawa nao una ugomvi wake, hasa pale bei inayotumiwa na shule inapokuwa chini ya ile ya sokoni.

Serikali ilianza kugharamia masomo ya upili mwaka 2008, kwa Sh10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na mwaka 2018 ikapandisha kiasi hicho hadi Sh22,244. Mzazi wa shule ya kutwa alibaki na mzigo wa sare na chakula cha mchana. Wa bweni aliwekewa kikomo cha Sh53,554 kwa mwaka katika shule za kitaifa na zile za ngazi inayofuata, na Sh40,535 katika nyingine za bweni. Kwenye karatasi hesabu hiyo inaeleweka. Lakini kuna hela za masomo ya ziada, za basi la shule, za ujenzi wa bweni jipya na za zawadi ya walimu matokeo yakiwa mema. Wizara hutoa onyo dhidi ya ada hizo kila mwaka, na kurudiwa kwa onyo ni ushahidi tosha kwamba halisikilizwi. Wakuu wa shule nao hujibu kwamba mgao wa serikali huja kwa vipande na kwa kuchelewa, na wanafunzi hawawezi kuambiwa wasile hadi Hazina Kuu itakapotuma pesa.

Mwaka 2018 pia ndipo sera ya kila mtoto wa darasa la nane kuingia kidato cha kwanza ilipotiliwa mkazo. Machifu walitumwa nyumba kwa nyumba. Madarasa ya wanafunzi 45 yakawa ya 60 na kuendelea, vitanda vikawa vya ghorofa tatu, na kumbi za chakula zikageuzwa mabweni. Lakini watoto waliokuwa wakiishia mashambani au kuendesha bodaboda walipata nafasi darasani, na hilo ni jambo ambalo malalamiko ya msongamano hayawezi kulifuta.

Ngoma, magongo na mpira

Yeyote anayedhani shule hizi ni vitabu tu hajafika uwanjani mwezi Julai. Michezo ya shule hugawanywa kwa mihula: raga ya wachezaji 15, magongo, mpira wa vikapu na wa mikono hutangulia, kisha soka, voliboli na netiboli katika muhula wa pili. Kamusinga imejijengea jina katika mpira wa magongo kiasi cha kutwaa mataji ya kitaifa na ya Afrika Mashariki. St. Anthony's Kitale, inayofahamika kwa lakabu ya Solidarity, imekuwa miongoni mwa vigogo wa soka la shule nchini kwa miaka mingi, na katika magongo pia haipuuzwi. Kwa wasichana, Wiyeta kutoka Trans Nzoia imewahi kuwa bingwa wa kitaifa wa soka, ikiwa shule ya kijijini ambayo wengi wasingeijua kama si miguu ya wachezaji wake.

Soka limekuwa karo ya aina nyingine. Mchezaji hodari aghalabu husomeshwa na shule inayomhitaji, na hivyo mtoto wa familia maskini hupata nafasi katika bweni ambalo asingeweza kulilipia. Upande wa pili ni mizozo isiyokwisha kuhusu umri wa wachezaji na uhamisho wa ghafla kutoka shule moja hadi nyingine.

Tamasha za muziki na drama hutoa nafasi kwa walio dhaifu uwanjani. Ngoma ya kamabeka ya Wabukusu, inayochezwa kwa mabega huku litungu ikipigwa, imewapandisha jukwaani wanafunzi wengi wa Bungoma. Mvulana ambaye nyumbani angeona haya kuicheza mbele ya wenzake wa mjini huicheza kwa fahari akiwa na kengele miguuni na hakimu mbele yake.

Agosti ya miaka isiyo witiri ina shughuli yake katika jamii hiyo. Ni msimu wa tohara, unaoangukia likizo, na mvulana anayeingia shule ya upili bila kupitia jando huweza kukosa amani bwenini. Walimu wa eneo hilo wanajua kwamba muhula unaofuata huanza na wavulana waliobadilika: baadhi wametulia, wengine wamejiona watu wazima wasiostahili kuamrishwa na mwalimu wa kike. Mwaka 2020 sherehe hizo zilikumbana na marufuku ya mikusanyiko ya corona, mwaka ambao shule zote zilifungwa kuanzia Machi na wengi wa wanafunzi hawakurudi hadi Januari 2021. Kwa wasichana, miezi hiyo ilikuwa na gharama ya pekee. Sera ya mwaka 1994 inamruhusu aliyejifungua kurudi darasani, lakini ruhusa ni kitu kimoja, na mtu wa kumlelea mtoto ni kingine.

Moto na hofu

Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikalifanya kuwa kosa la jinai. Bado hakijaisha. Migomo pia haijaisha. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 nchini ziliteketezwa mabweni katika muhula wa pili, na wimbi jingine likazuka mwaka 2021. Sababu zinazotajwa hazibadiliki: hofu ya mitihani ya majaribio, chakula kibovu, mapumziko ya katikati ya muhula yaliyofutwa, mwalimu mkuu asiyesikiliza. Baada ya mkasa wa Kyanguli wa mwaka 2001 uliowaua wanafunzi zaidi ya 60, ilielezwa kwamba madirisha ya bweni yasiwe na vyuma na milango ifunguke kuelekea nje. Mwaka 2024 wavulana 21 walikufa katika moto wa Hillside Endarasha, Nyeri, na ukaguzi uliofuata ukaanza tena kuhesabu madirisha yenye vyuma.

Eneo la Mlima Elgon lilikuwa na hofu ya aina yake. Kati ya mwaka 2006 na 2008, mapigano ya ardhi yaliyohusisha kundi la SLDF yaliwafukuza maelfu ya watu, na watoto wa Cheptais na Kopsiro wakahamishiwa shule za nyanda za chini. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliongeza wakimbizi mjini Kitale. Walimu waliokuwapo walilazimika kuketisha katika dawati moja watoto ambao wazazi wao walikuwa wamepigana.

Gredi ya 10

Mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023. Kundi hilo liliingia kidato cha kwanza mwaka 2024, na baada yake mlango ukafungwa. Mwaka 2025 shule za upili hazikupokea mgeni hata mmoja. Waliozoea kelele za Januari walikuta mabweni yenye vitanda vitupu, na mgao wa serikali ukapungua kwa sababu hutolewa kwa idadi ya vichwa.

Januari 2026 ndipo Gredi ya 10 ya mtaala wa umilisi ilipoingia, ikiwa na zaidi ya wanafunzi milioni moja nchini waliofanya tathmini ya Gredi ya 9 mwaka uliotangulia. Badala ya wote kufuata masomo yale yale, mwanafunzi huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia na hisabati; sayansi za jamii; au sanaa na michezo. Shule zimepangwa upya katika makundi manne, C1 hadi C4, ambapo zile za kitaifa za zamani ziko C1 na za kutwa za vijijini ziko C4. Hapa Kenya imeukaribia mfumo wa Marekani, ambako mwanafunzi hujipangia sehemu kubwa ya ratiba yake. Tofauti ni kwamba kule shule moja kubwa ya mtaa huwa na karakana, ukumbi wa muziki na maabara chini ya paa moja.

Shule ya C4 ya Saboti au Sirisia mara nyingi ina maabara moja ya masomo yote matatu ya sayansi na mwalimu mmoja wa fizikia. Mwanafunzi wake anayetaka uhandisi ana mambo mawili ya kufanya: kuhamia bweni la mbali kwa karo ambayo shamba halijaitoa, au kuchagua mkondo ambao shule inao. Wanafunzi wa michezo kutoka Wiyeta au St. Anthony's, kwa upande wao, wanaona kwa mara ya kwanza kipaji chao kikiandikwa kwenye ratiba ya masomo.

Kwa sasa mifumo miwili inaishi katika ua mmoja. Mwaka 2026 gwaride la asubuhi lina Gredi ya 10, kidato cha tatu na kidato cha nne. Mwaka 2027 litakuwa na Gredi ya 10, ya 11 na kidato cha nne cha mwisho, ambacho ndicho kitakachofanya KCSE ya mwisho ya 8-4-4. Mwaka 2028 kundi la kwanza la Gredi ya 12 litahitimu, na hapatakuwa tena na mwanafunzi anayeitwa wa kidato katika shule yoyote kati ya Kitale na Bungoma.